Ngazi Tatu za Lori

Siku tajiri aliponinyang'anya ufunguo wa lori, soko la mahindi la Kibaigwa lilikuwa limejaa, kwa hiyo walioshuhudia walikuwa wengi. Tulikuwa tumemaliza kupakia. Turubai limefungwa, karatasi za mzigo ziko mfukoni, kilichobaki ni dereva kupanda. Dereva mwenyewe ni mimi.

Lori lile lina ngazi tatu za kuingilia kabini, na kwa miaka kama miwili hivi nilikuwa nazipanda kwa utaratibu wangu. Mimi nashika vyuma vya pembeni na kuinua mguu wa kushoto. Utingo wangu, mtu mzima mwenye wajukuu, anainama nyuma yangu, ananiwekea bega chini ya makalio na kunisukuma kama anavyosukuma gunia. Tulikuwa tumezoeana kiasi kwamba hatukuhitaji kuongea. Alisema "hep" moja tu, na mimi niko juu.

Siku hiyo hep moja haikutosha. Akasema ya pili. Akasema ya tatu. Wapagazi wawili waliokuwa wanakunywa uji wakaweka vikombe chini wakaja kusaidia.

"Hili limepimwa?" mmoja akauliza.

"Hii lumbesa hii!" mwenzake akajibu.

Lumbesa ni lile gunia linalojazwa kupita kiasi mpaka linashonewa kofia juu. Linapigwa marufuku miaka yote, na miaka yote lipo. Soko likacheka. Na mimi nikacheka, maana ukiwa umening'inia nusu ndani nusu nje huna njia nyingine ya kujitetea. Mwishowe nikaingia kwa kishindo, watu wakapiga makofi, na nilipogeuka kuwapungia mkono nikamwona tajiri, mwenye lori, amesimama kivulini. Yeye hakuwa anacheka.

"Shuka," akasema.

"Tajiri, mbona nimeshapanda?"

"Hujapanda. Umepandishwa. Shuka."

Kushuka nako kulihitaji watu.

Hakuwa mtu mbaya yule mzee. Alinivuta pembeni akaniuliza swali moja: lori likishika moto utingo akiwa ameenda kutafuta maji, nitatokaje? Nilifikiri vizuri, na kila jibu nililolipata lilikuwa na watu watatu wa kusukuma. Akautia ufunguo mfukoni mwake.

"Nenda hospitali," akasema. "Mahindi mapya yakianza kuingia sokoni, njoo hapa hapa. Ukipanda peke yako bila mkono wa mtu, ufunguo ni wako. Ukishindwa nampa dereva mwingine, na usininunie."

Mvua za kwanza zilikuwa ndiyo zinaanza. Mahindi mapya ya kule huingia sokoni mvua zikishakatika. Nilikuwa na msimu mmoja.

Nilienda kwa dada yangu, Chang'ombe ya huku kwetu, siyo ile ya Dar, kwa sababu sikuwa na kwingine. Tangu nilipomaliza kidato cha nne sijawahi kulala mahali pamoja wiki mbili mfululizo. Nilianza kama utingo, nikawa dereva, na katika umri wa miaka arobaini na mitatu mali yangu yote ilikuwa godoro jembamba, redio na shuka mbili, vyote vikikaa nyuma ya siti. Dada ana duka dogo, sabuni, sukari, vocha na mafuta ya kupima, na chumba cha uani. Akanipa chumba, kisha akaanza kunilisha.

Dada yangu amenizidi miaka kumi na amenilea. Tulikua kijijini, upande wa Hombolo, miaka ambayo mvua ikikosa, mama alikuwa anasonga ugali wa uwele mdogo kama yai la kanga na kuugawa kwa watu sita. Kwa hiyo kwake yeye mwanaume mnene ndani ya nyumba ni cheti. Wageni wakija dukani alikuwa ananiita nitoke nje ili waone.

"Huyu ni mdogo wangu," alisema, na kunipiga kofi la mgongo kama mtu anayeonyesha ubora wa mlango.

Kliniki ya uzito pale hospitali ilikuwa kila Alhamisi. Mimi nilizoea hospitali ya daktari mmoja: anakuuliza, anaandika, unapewa dawa, unaondoka. Hii ilikuwa na watu wanne kwa mgonjwa mmoja. Walikaa upande mmoja wa meza, mimi upande wa pili, kwenye kiti kisichokuwa na mikono. Baadaye niligundua kuwa walikichagua kiti hicho kwa makusudi, ili watu kama mimi tusinyanyuke nacho. Sitawasahau kwa hilo. Ila siku ya kwanza nilihisi kama nimeitwa mbele ya kamati ya Bunge kujibu hoja za ukaguzi.

Wakagawana. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya ualimu, alichukua presha na sukari. Mtaalamu wa lishe, binti mwenye miwani mikubwa, alichukua tumbo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, jamaa mrefu mwembamba anayetembea kama anaruka madimbwi, alichukua magoti. Wa nne alikuwa mshauri wa mambo ya saikolojia, baba mpole aliyekuwa akinywa maji kidogo kidogo, na yeye akachukua kilichobaki, yaani kichwa. Nikajiona kama ng'ombe wa sikukuu: huyu paja, huyu maini.

"Unataka kupunguza kilo ngapi, kaka?" binti wa lishe aliniuliza.

"Nataka kupanda lori."

Wakatazamana.

"Ngazi ngapi?" akauliza yule mrefu.

"Tatu."

"Ya kwanza inaanzia wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono, chini kidogo ya goti. Akainuka, akatoa futi mfukoni, akanipima pale pale kutoka sakafuni hadi kwenye kiganja changu, akaandika. Nikampenda tangu dakika ile. Wenzake walikuwa wanataka kuijua damu yangu. Yeye alitaka kulijua lori.

Tatizo likaja kwenye mizani. Mizani yao ilikuwa inaishia kilo mia moja na hamsini. Nilipoikanyaga, mshale ulikimbia, ukagonga mwisho, ukabaki unatetemeka pale kama mbwa aliyefika mwisho wa mnyororo. Daktari akasema mizani kubwa imeagizwa, itakuja. Lakini bila uzito wa kuanzia, wangejuaje kama napungua?

"Mimi naijua mizani inayopima hata tani," nikasema.

"Iko wapi?"

"Kibaigwa. Kwenye ghala la dalali mmoja, rafiki yangu."

Daktari akavua miwani, akaifuta. "Ni sahihi hiyo mizani?"

"Daktari, isingekuwa sahihi, watu wangeshauana pale zamani."

Wakakubali. Basi Jumamosi nikaenda kupimwa kwenye mizani ya mahindi. Mpimaji wa ghala ni mzee mmoja Mgogo ambaye amepima magunia tangu mimi nikiwa utingo. Akanisalimu "Mbukwa" kama ilivyo kawaida, akaniambia nisimame katikati ya bati, nisishike kitu, niache kuongea. Akasoma, akatoa kitabu chake cha stakabadhi.

"Niandike zao gani?"

"Andika mtu."

"Hapa hakuna nafasi ya mtu. Kuna mahindi, mtama, alizeti na mengineyo."

Nikawa mengineyo, kilo mia moja sitini na moja. Alhamisi nikapeleka ile stakabadhi kliniki, ikachekwa na watu wanne wenye shahada, ikaingia kwenye faili langu.

Binti wa lishe akanipa kazi ya nyumbani: niandike kila ninachokula kwenye daftari. Mimi maisha yangu yote nimeandika daftari la aina moja tu, la safari, kwa hiyo niliandika kama ninavyojua. Wiki iliyofuata akalifungua, akasoma, uso ukabadilika. Akamwita yule wa magoti.

"Njoo umwone mgonjwa wako! Tumemwambia asikae muda mrefu ndani ya gari. Jumatatu alikuwa Gairo. Jumanne asubuhi Manyoni, jioni Dumila. Jumatano Gairo mara mbili!"

"Sijatoka Chang'ombe mimi," nikasema.

"Umeandika mwenyewe!"

"Gairo ni viazi vitamu. Manyoni ni kuku. Dumila ni wali. Ningeandikaje?"

Kwangu mimi ilikuwa wazi kabisa. Kila dereva wa njia ile anajua anakula nini wapi, na chakula kikiliwa kwingine bado kinabaki na jina la kwao. Yule baba wa saikolojia, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa hajaniambia neno zaidi ya salamu, akavuta daftari taratibu upande wake.

"Ukila kiazi cha Gairo," akauliza, "unakuwa wapi?"

"Nakuwa Gairo."

"Unafanya nini?"

"Nimeegemea tairi. Mama muuza viazi ananiita shemeji. Kuna ubaridi fulani unashuka kutoka milimani, unanipata hapa shingoni."

"Na kiazi kikiisha?"

"Naongeza kingine."

"Kwa nini?"

"Nikiacha narudi Chang'ombe."

Nilisema kwa utani, ila hakuna aliyecheka, hata mimi. Miaka yote nilikuwa nadhani nakula kwa sababu nasikia njaa. Kumbe nilikuwa nasafiri.

Walikaa kando dakika chache, wanne wote, wakanong'ona kama waamuzi wa mpira. Waliporudi walikuwa na dawa yao. Nisafiri, ila kwa miguu. Kila asubuhi nitoke kwa dada, nihesabu nguzo za umeme, kila nguzo niipe jina la mji, na nisivuke mji ambao magoti yangu hayajaruhusu. Nikifika nisimame, nikumbuke mahali hapo kadiri ninavyotaka, kisha nirudi nyumbani kunywa chai.

Wiki ya kwanza nilifika Ihumwa, yaani nguzo ya pili, karibu na kinyozi. Wiki ya tatu nikafika Buigiri. Mbande ilinichukua mwezi mzima kwa sababu kuna kamlima pale kwenye mashine ya kusaga. Kila nguzo niliishika kwa mkono, nikafumba macho, nikapumua, nikaisimulia moyoni, na pengine mdomo nao ulitikisika. Sikufikiria hata kidogo jinsi jambo hilo lilivyoonekana kwa mtu anayefungua duka lake asubuhi.

Alhamisi tulikuwa na chumba cha mazoezi. Yule mrefu hakuwa na vifaa vya maana, akapanga kreti za soda ukutani kwa vipimo vile vile alivyochukua siku ya kwanza, akazifunga kwa kamba, akapigilia bomba mbili za kushika. Lori langu likawa pale, bila injini. Nilifanya mazoezi pamoja na mama mmoja wa wizarani aliyehamia na ofisi yake kutoka Dar. Yeye shabaha yake ilikuwa ngazi za jengo lao, siku lifti inapokataa.

"Mheshimiwa dereva," aliniambia nikiwa nimekwama kwenye kreti ya kwanza, "naomba mchango wako uwe mfupi, tupo wengi kwenye foleni."

"Taarifa, mheshimiwa. Goti halijakubali hoja."

Kilichoniudhi ni kwamba yule mtaalamu alinilazimisha kushuka mara nyingi kuliko kupanda. Nashuka kinyumenyume, polepole, mguu mmoja unasubiri mwingine, mapaja yanaungua kama yamepakwa pilipili.

"Bwana, mimi mtihani wangu ni wa kupanda," nikalalamika. "Kushuka hakuna aliyeniuliza."

"Shuka tena," akasema.

Mizani kubwa ikaja. Ilikuwa imepita miezi miwili. Nilikuwa nimefika Mbande kwa miguu, nimeacha soda, kreti ya pili naipanda bila kupiga kelele. Nikaikanyaga mizani mpya nikiwa na tabasamu. Ikaandika kilo mia moja sitini na mbili.

Nilikuwa nimeongezeka kilo moja.

Binti wa lishe akafunua daftari langu kama anayetafuta kuku aliyefichwa kati ya kurasa. "Kaka," akasema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kama angegomba, "kuna kitu hujaandika?"

Nikamwambia nimeandika kila kitu. Niliona haniamini, na mimi mwenyewe nikaanza kujitilia shaka, labda nakula usingizini. Nikavaa viatu. Nilikuwa nimeamua kwamba ufunguo umekwenda na sirudi tena pale, wakati daktari aliyekuwa anapekua faili akasema, "Subirini kwanza. Hapa chini kuna maandishi madogo."

Alishika ile stakabadhi ya ghala, akaisogeza dirishani, akasoma: "Baada ya makato."

"Makato gani?" akauliza binti.

Mimi nikajua mara moja. Nilipiga simu pale pale, nikaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Mzee, shikamoo. Siku ile uliponipima, ulikata?"

"Marahaba. Sasa nisingekata? Kilo moja ya gunia, mbili za mchanga na takataka, mbili za unyevu. Kila mzigo nakata."

"Mzee, huyu alikuwa mtu!" daktari akapaza sauti kwenye simu.

"Najua ni mtu, mama. Lakini alikuja na nguo na viatu. Na unyevu ulikuwepo, alikuwa anatoka jasho sana."

Yule mrefu alitoka nje kabisa kwenda kucheka. Daktari alijikaza, akachukua kalamu, akajumlisha: nilianza na mia moja sitini na sita. Nilikuwa nimepungua kilo nne. Binti wa lishe akaniomba radhi, akaniambia ana kaka yake mkaidi kama mimi, ndiyo maana alinishuku. Nikavua viatu nikarudi kwenye kreti.

Nilipofika nguzo ya Kibaigwa, nguo zilianza kunipwaya. Hapo ndipo majirani walipoamua kwamba ninakufa.

Ukiwatazama kwa upande wao, walikuwa na haki. Mtu mzima amerudi ghafla kwa dada yake bila kazi. Kila Alhamisi anaenda hospitali na kurudi na makaratasi. Suruali inamvuka. Alfajiri anatembea kwa shida, anashika nguzo za umeme mojamoja, anafumba macho, midomo inacheza. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Jumapili moja baada ya misa kina mama wa jumuiya wakaingia uani wakiwa wamejifunga vitenge, na sufuria vichwani: wali, nyama ya mbuzi, maandazi, na chupa mbili za chai ya maziwa. Wakanikalisha katikati ya mkeka mkubwa. Wakaimba nyimbo za taratibu. Wakaniombea uvumilivu. Nilijikuta namtafuta marehemu kwa macho, nikamkosa.

Kiongozi wao, mama mnene mwenye huruma kweli, akanijazia sahani mpaka ukingoni.

"Kula mwanangu. Upate nguvu za kupambana na huo ugonjwa."

"Mama, ugonjwa wenyewe ndio kula."

"Ndivyo wanavyosema wagonjwa wote. Usikate tamaa."

Sahani ile ilinukia. Ilikuwa Dumila, Manyoni na nyumbani kwa mama kwa mpigo. Na kukataa chakula walichokibeba kichwani wakati wa jua lile ilikuwa ni kuwatukana wote na mwenye nyumba juu yao. Nikala vijiko vitano, polepole, nikimshukuru kila mama kwa zamu, kila shukrani ikiwa ndefu kuliko iliyotangulia, mpaka muda ukawaishia. Ilinichukua saa nzima. Nadhani hata mbunge hajawahi kushukuru vile.

Walipoondoka dada akabaki kaa la moto. "Umeniaibisha! Wanasema nakunyima. Mtaa mzima unajua ulikuja hapa mzima, sasa ona mabega. Hao watu wa hospitali nataka kuwaona kwa macho yangu."

Alhamisi akafunga duka tukaenda wote. Nilimwonya binti wa lishe kwa macho lakini hakunielewa. Akamwekea dada karatasi mezani yenye picha ya sahani iliyogawanywa.

"Wewe binti umezaa?" dada akaanza.

"Bado, mama."

"Mimi nimelea huyu. Kwa ugali mdogo kama yai la kanga na mlenda. Nikaapa nikipata uwezo hatalala tena akiwa na nafasi tumboni. Leo unanirudisha kule?"

Binti akauliza, kwa hamu ya kweli, "Ugali wa nini, mama?"

"Wa uwele. Tungetoa wapi mwingine?"

"Na mlenda mlichanganya na nini?"

Wakaanza kuongea mapishi. Sisi wengine tukawa hatupo. Mwisho binti akageuza karatasi yake, akaandika nyuma: uwele, mlenda, maharage, mboga za majani. Dada akaisoma mara mbili. "Yaani nyie mmesoma miaka yote hiyo," akasema, "mkafika kwa mama yetu?" Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na sijui hasa yale machozi yalikuwa ya nini yote. "Ugali ukubwa gani?"

"Kama ngumi."

"Ngumi yake au yangu?"

"Yako, mama."

Ngumi ya dada ni ndogo sana. Tangu siku hiyo akawa askari. Aliwatangazia wateja dukani kwamba mdogo wake haumwi, yuko kambini kama wachezaji wa mpira, na atakayemletea andazi atamkopesha kwa shida. Asubuhi nikipita kwa kinyozi watu wakaanza kuniuliza, "Leo unaishia wapi?" Nikisema Gairo, wanasema safari njema.

Mahindi mapya yakaingia sokoni. Tajiri akanipigia simu, akataja siku. Aliniambia pia, bila kuficha, kwamba dereva mwingine ameshakuja kuliona lori.

Tulienda mimi na dada. Wote walikuwepo: wapagazi, madalali, mpimaji wa ghala, na yule dereva mwingine, kijana mwembamba anayetafuna mua. Utingo wangu aliliosha lori mpaka tairi zikang'aa. Alinikumbatia, mikono yake ikakutana mgongoni kwangu kwa mara ya kwanza, akashangaa.

"Lumbesa imeshonwa upya!" mpagazi mmoja akapiga kelele.

Nikashika vyuma. Ngazi ya kwanza, mguu wa kushoto. Nikapumua kama tulivyofundishwa. Ngazi ya pili. Magoti yakauma lakini yakakaa. Nikainua mguu kwenda ya tatu, na hapo nyuma yangu nikasikia sauti ninayoijua kuliko zote.

"Hep!"

Bega likanigonga makalioni. Nikarushwa ndani ya kabini kama mzigo mwepesi.

Zikalipuka kelele za watu wote kwa pamoja. Utingo alisimama pale chini ameshika kichwa. "Jamani, siyo mimi! Ni bega! Limezoea!" Alikuwa karibu kulia. Dada alishamvamia, anampiga kwa kandambili.

Tajiri akatikisa kichwa. "Nimesema bila mkono wa mtu."

"Haukuwa mkono," utingo akasema. "Lilikuwa bega."

"Umesukumwa," tajiri akaniambia mimi. Yule kijana akatema mua, akasogea hatua moja.

Nilitazama chini kutoka juu ya siti. Zamani, kutoka hapo nisingeweza kufanya lolote, ningesubiri watu. Nikageuka kinyumenyume. Nikaweka mguu kwenye ngazi ya tatu, nikasubiri mguu mwingine. Ya pili, polepole, mapaja yanaungua. Ya kwanza. Nikakanyaga udongo wa Kibaigwa bila kuguswa na mtu, na sidhani kama watu walielewa kilichotokea, ila tajiri alielewa. Yeye ndiye aliyeuliza kuhusu moto.

"Mfungeni huyo kamba," nikasema nikimwonyesha utingo. Wapagazi wawili wakamshika mabega kwa furaha.

Nikapanda tena. Ngazi ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu nilikaa muda, mguu ulitetemeka, nikasikia mpimaji wa ghala akisema kwa sauti, "Mpeni nafasi, huyu hana makato leo." Nikacheka, na cheko likanipandisha. Nikaketi. Kati ya tumbo langu na usukani kulikuwa na nafasi ya kupitisha ngumi, ya dada.

Tajiri alipanda upande wa pili, akanipa ufunguo bila hotuba. Aliniuliza tu kama bado naenda hospitali. Nikamwambia kila Alhamisi, na kwamba ratiba ya safari itabidi ijue hivyo. Akaguna. Kwa tajiri yule, kuguna ni kukubali.

Tulifika Gairo jua likiwa bado kali kidogo. Nikashuka mwenyewe, utingo amekunja mikono kifuani ili asikosee. Nikaegemea tairi. Ule ubaridi wa milimani ukanipata shingoni, pale pale. Mama muuza viazi akanitazama mara mbili.

"Shemeji! Ulikuwa unaumwa?"

"Nilikuwa mbali."

"Nikupe vingapi? Vinne kama siku zote?"

Nikanunua kimoja. Nilipokimaliza nilingoja, kwa mazoea, nione kama nitajikuta Chang'ombe. Nilikuwa bado pale pale. Nikapanda, nikatoa daftari kwenye dashibodi, nikamwandikia binti wa lishe: kiazi kimoja, Gairo. Kwa mara ya kwanza vyote viwili vilikuwa kweli.